Upande wa Kusini wa State Street

Wanda Mumpower alivunjika kifundo cha mkono Jumatatu, na kufikia Ijumaa alikuwa amechoka kuambiwa kwamba ana mdomo mrefu.

"Kwa nini ulimwambia polisi ulikuwa unaangalia keki?" aliuliza binti yake Corliss, huku akimkatia nyama kwenye sahani.

"Kwa sababu nilikuwa naangalia keki."

Gari la mikate lilikuwa limetoka kinyumenyume kwenye maegesho ya upande wa pili wa State Street, dereva hakutazama nyuma, likavuka barabara na kuigonga pikapu ya Wanda ubavuni. Wanda naye, kwa muda wa kufumba na kufumbua tu, alikuwa amegeuzia macho dirisha la duka la keki. Alimwomba dereva radhi, kisha akamwambia polisi ukweli wote. Watu wa mji huu wa Bristol ndivyo walivyo, humwomba samahani hata aliyewakanyaga.

Sasa bima ya gari la mikate ilikuwa imemwandikia barua kwamba haitamlipa. Sheria ya jimbo la Virginia haimpi fidia mtu aliyechangia ajali, hata kwa chembe. Pikapu imekuwa chuma chakavu, na bila pikapu Wanda hana namna ya kufikisha mboga zake sokoni.

"Wapigie. Sema maumivu yalikuchanganya."

"Nidanganye? Huu mkono mmoja uliobaki unatosha kukuchapa."

Corliss alicheka, akaisoma barua tena. Akainua kichwa.

"Mama, ulikuwa unaelekea wapi?"

"Sokoni. Mashariki."

"Basi, kwa kuwa tunaendesha kulia, ulikuwa upande wa kusini."

"Ehe, ndiyo, ningeendesha upande gani mwingine..." Wanda akaweka uma mezani. "Mungu wangu. Nilikuwa Tennessee!"

Mpaka wa majimbo hayo mawili unapita katikati ya State Street, umewekewa vibao vya shaba. Wenyeji huuvuka mara kumi kwa siku wakifuata soda na hawakumbuki kama upo. Polisi aliyefika alikuwa wa Virginia kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akaandika Virginia. Wanda anaishi Virginia, naye akaandika Virginia kwenye fomu bila kufikiri.

Msusi mmoja wa mtaani alikuwa amepiga picha. Pikapu, nyanya, vioo, vyote vimelala kusini mwa vibao. Wanda akampigia Pruitt wa bima, aliyetia saini ile barua.

"Bwana Pruitt, niligongwa nikiwa Tennessee."

"Bi Mumpower, ripoti inasema Virginia."

"Polisi ndiye aliyesimama Virginia. Tazama hizo picha nilizokutumia."

Pruitt akazifungua. Kwa sheria ya Tennessee, mwenye kosa lisilofika nusu hulipwa, ila hukatwa fungu la kosa lake.

Wiki mbili baadaye Pruitt alipiga simu. Kampuni imekubali kulipa, na Wanda atakatwa asilimia kumi na tano.

"Bisha!" Corliss alinong'ona. "Sema tano!"

Wanda alifikiri kidogo. "Mimi ningejikata ishirini, Bwana Pruitt," alisema, "lakini sitabishana nawe."

Corliss akajifunika uso kwa taulo la jikoni.

"Nini?" Wanda alisema akikata simu. "Nimesema kweli na nimelipwa. Chukua funguo zako twende Abingdon, kuna pikapu inauzwa kule. Na utazame barabara."