Nyasi Juu ya Mstari wa Njano

Asubuhi nilikuwa napiga pasi fulana ya njano ya mama, ile ya kazini yenye mistari inayong'aa. Mama akaja mbio, mswaki mdomoni. "Tsion, hiyo haipigwi pasi." Nilikuwa nimeshachoma mstari mmoja, kwa hiyo siku ya ukaguzi akaenda kazini bega moja linang'aa na lingine limekunjamana kama papai bovu.

Mama amebandika soli kwa gundi miaka tisa kwenye kiwanda cha viatu hapa mtaani kwetu Kaliti, mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi. Miezi mitatu iliyopita wakampa usimamizi wa usalama, kwa majaribio. Ukaguzi ukienda vibaya anarudi kwenye meza ya gundi. Mimi nilikwenda naye kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na vibao vichache vya usalama vilibaki kuandikwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuondoa upishi wa kahawa kwenye chumba cha gundi, maana gundi hushika moto. Yeye na wenzake wakanuniana wiki mbili. Mwisho Askale, anayewapikia wote kahawa na ambaye kila mtu anamwita Shangazi, akahamishia jiko lake la makaa uani.

Saa tatu mama akaenda getini kumpokea mkaguzi. Nikamwona Shangazi Askale anaingia na kapu la nyasi mbichi. Akazitandaza sakafuni, kama tunavyofanya sikukuu, kuanzia mashine ya kwanza mpaka mlango wa dharura. Mstari wa njano unaoonyesha njia ya kutokea ukapotea wote. Halafu akaweka jiko hapo hapo mlangoni, akatupia ubani kwenye makaa.

"Mgeni wa mama yako hawezi kukanyaga saruji tupu," akaniambia. "Unaonaje?"

Nilitaka kusema. Mdomo niliufungua kabisa.

"Pamependeza," nikasema.

Mkaguzi, Bwana Girum, aliingia na soksi nyekundu, akapiga chafya tatu. "Bibi Wubalem, njia ya kutokea iko wapi?"

Mama akaangalia nyasi, akaangalia jiko, akamwangalia Shangazi Askale anavyotabasamu kama mama wa bibi harusi. Akabonyeza kengele ya moto.

Watu sitini wakatoka kama alivyowafundisha, mikono mitupu. Shangazi Askale akatoka wa mwisho, jiko mkono huu, birika la kahawa mkono ule.

"Si tulisema mtu asibebe kitu?" mama akamuuliza.

"Mwanangu, kengele ya moto inalia, wewe unataka niache moto ndani?"

Uwanja mzima ukacheka. Degu, mkata ngozi, akasema, "Kumbe mwenye akili hapa ni mmoja tu."

Bwana Girum hakucheka sana. "Wawili wameteleza kwenye nyasi. Njia imefunikwa, na moto uko mlangoni. Nataka picha ya marekebisho kabla ya saa kumi. Nisipoiona, naandika mmeshindwa."

Akataka kuondoka baada ya kikombe cha kwanza cha kahawa, na kwetu mgeni hunywa vitatu. Shangazi Askale akamuuliza kama kwao hawajui kuhesabu mpaka tatu. Akakaa, akanywa vyote vitatu.

Alipoondoka, nikamfuata Shangazi Askale. "Niliona nyasi zinafunika mstari. Nikaogopa kukwambia."

"Uliogopa nini, nyasi?"

"Wewe."

"Haya, shika ufagio. Na siku nyingine niambie, hata kama nimevimba kama chura."

Tukafagia wote. Nyasi tukazipeleka uani, mbali na mlango, tukatandaza kuzunguka jiko, na ndoo ya mchanga pembeni. Mstari ukaonekana mwanzo mpaka mwisho. Nikapiga picha ya njia, nikapiga ya jiko. Hiyo ya pili ilichelewa kwa sababu Shangazi Askale alitaka kwanza abadilishe kitambaa cha kichwa.

Mama akanipa simu nimwandikie mkaguzi, yeye akikagua mitungi ya kuzimia moto. Nikaandika: "Bwana Girum, njia iko wazi na jiko liko uani. Nyasi niliziona mimi nikanyamaza, mama hakujua. Tafadhali asirudi kwenye gundi, kifua chake kibovu." Mama akasoma. Nikadhani atafuta. Akanirudishia simu, akasema, "Tuma."

Nikatuma pamoja na picha zote mbili, saa tisa na dakika arobaini. Saa kumi ikafika, ikafika saa kumi na moja. Alama mbili za bluu zipo, amesoma. Hajajibu.