Ukuta Uliopindishwa kwa Makusudi

Fundi hakuwa na wasiwasi hata chembe. Wasiwasi alimwachia meneja wa msitu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akikizunguka kile kibanda kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kilikuwa kibanda cha zamani, kimoja kati ya vile vilivyojengwa msituni kwa ajili ya watu wanaokuja kutembea na kupumzika. Mawe hayakuchongwa, magogo ya paa yalibaki na magome yake, na hakuna kilichonyooka. Waliovijenga walitaka vionekane kama vimeota pale pale. Mti ulipouangusha ukuta mmoja, fundi huyu, mwanamke, ndiye aliyeujenga upya. Sasa mjomba wake, aliyemfundisha kazi, alikuwa ameitwa kukagua bila kuambiwa ukuta ni upi. Akiutambua tu, vibanda vingine vyote vibovu anapewa fundi mwingine.

Na mjomba huyo, jamani, ni mtu wa kamba na timazi, kila ukuta kwake sharti unyooke. Enzi za mafunzo, mpwa wake akipindisha tofali moja, ukuta mzima ulibomolewa. Ndiyo maana kujenga mshazari kulimtoa jasho. Mkono ulinyoosha wenyewe, naye akabomoa, akaanza tena, mpaka mkono ukasalimu amri.

Mjomba alizunguka, mikono nyuma, midomo ameibinua. Mwishowe akaegemea ukuta mmoja na kuunyooshea wa pili kidole.

"Huu hapa! Jiwe limetokeza kama kitambi. Mpwa wangu, umenitia aibu. Si ungeiga wazee waliojenga huu nilioegemea?"

"Huo unaoutukana ndio wa wazee, Mjomba," alisema fundi. "Wangu ndio umeuegemea."

Meneja aligeuka akakohoa, ingawa kile hakikuwa kikohozi. Mjomba alijibandua ukutani, akapapasa jiwe baada ya jiwe, akapitisha ukucha kwenye maungio. Hasira na fahari viligombania uso wake, na fundi aliona wazi fahari ikishinda. Furaha ilimjaa kifuani, akajizuia asiruke kama mtoto.

"Meneja, vibanda vyote mpe huyu," mjomba alisema. "Mimi nitamkorogea udongo."

"Saa moja asubuhi basi, Mjomba," fundi akajibu. "Sitaki kibarua wa kuchelewa."