Pumzi ya Jiji

Kila ziara yetu ya Siri za Jiji huishia kwenye wavu wa chuma katikati ya uwanja wa marumaru. Hapo mgeni hupiga magoti, hufumba macho na kuvuta pumzi ndefu mara tatu ili bahati ya jiji imwingie. Harufu inayotoka chini, tunamwambia, ni ya kinamasi cha kale kilichokuwa hapa kabla mtu yeyote hajaishi.

Uongo mtupu. Harufu ile ni ya choo.

Shangazi yangu, aliyenilea, alizaliwa hapo. Mtaa mzima ulibomolewa yeye akiwa msichana. Matingatinga yalisukuma kuta juu ya mashimo ya vyoo, kisha marumaru ikatandazwa. Waliohamishwa ni watu, vyoo vilibaki. Jua likiwaka sana, vinapumua.

Niliomba kazi ya kuongoza wageni nikiwa na jambo moja moyoni: maelezo ya ziara yapate sentensi moja tu, kwamba hapa waliishi watu. Bosi alinisikiliza huku akichokonoa meno.

"Kijana, shahada yako nzuri. Lakini watu wamekuja kustarehe, wewe unawaletea matanga?"

"Ni sentensi moja, bosi."

"Basi waambie kulikuwa na mamba. Mamba wanapendwa."

Nikaendelea kuinua mwavuli wa njano ili kundi linifuate, na kutazama watu wazima, wenye nguo zilizopigwa pasi, wakibandika pua kwenye chuma kilichoota utelezi wa kijani. Mmoja aligusa wavu, akalamba kidole, akasema anaonja historia. Nikageukia pembeni.

Siku moja shangazi akaja bila kuniambia. Nilimkuta tu katikati ya kundi, kavaa viatu vyake vya harusini, kakumbatia mkoba, akitabasamu kila nilipofungua mdomo. Siku hiyohiyo bosi naye alitufuata, aamue kama, baada ya majaribio, nitaajiriwa moja kwa moja au nitafute pengine.

Tukafika kwenye wavu. Wageni wakapiga magoti. Shangazi akabaki wima.

"Mama, njoo uchukue bahati na wewe," mwanamume mmoja mnene akamwambia, akimpisha.

"Asante, baba. Mimi yangu nilishaichukua utotoni. Kila asubuhi, na kopo la maji mkononi."

Mnene akacheka bila kuelewa. Shangazi akanitazama. Alingoja tu, kama alivyokuwa akingoja nimalize kusoma kwa sauti nilipokuwa mdogo.

"Inukeni," nikasema. "Tafadhali, inukeni. Hapakuwa na kinamasi hapa. Palikuwa na nyumba, kibanda cha fundi cherehani, darasa la watoto. Watu walifukuzwa, na mnachonusa ni vyoo vyao. Huyu ni shangazi yangu. Alizaliwa hapa."

Mama mmoja akajipangusa midomo kwa shali. Aliyekuwa amefikia pumzi ya tatu akakohoa hadi machozi. Kisha yule mnene akapasuka, "Choo! Jamani, nimenusa choo!" na kicheko kikawapata wengine. Wakarudi magotini, safari hii na simu, wakipigana picha huku wameziba pua.

Bosi akanikumbatia, shati lake limelowa jasho. "Kijana, wewe dhahabu! Kuanzia kesho tunaiita Choo cha Siri. Kazi ni yako." Akashusha sauti. "Ila hao waliofukuzwa, watoe. Wanaharibu kicheko. Bakiza choo."

Nikajifuta macho, nikamnyooshea mwavuli wa njano auchukue, kazi yake sikuitaka tena. Kabla mkono wake haujafika, shangazi akaupokonya.

"Usilie, mwanangu. Chooni tumeshapita," akasema, akauinua juu. "Sasa twende jikoni. Kwetu jiko lilikuwa kule, penye lile benchi."

Akaondoka na viatu vyake vya harusini vikigonga marumaru. Nikamfuata. Nyuma kicheko kiliendelea, na bosi alikuwa akiita jina la ziara yake mpya kwa sauti, akilijaribu. Kisha nikasikia hatua za mtu mmoja. Ni yule mama wa shali, bado anajipangusa.

"Samahani," akamuuliza shangazi. "Mlikuwa mnalala wangapi humo ndani?"