Alama za Lowrie

Nilipofika ukurasa wa sitini na mbili, ukumbi mzima uliangua kicheko. Sikuwa nimeandika kichekesho.

Ilikuwa Jumamosi mchana, hapa kisiwani kwetu Shetland, watu na chai zao na mikate ya shayiri, nami nawasomea kitabu changu cha mashua na wavuvi wetu. Ukurasa huo ni wa baba yangu, Lowrie Inkster, tuliyemzika Februari. Baba, kama wenzake wote, alikuwa na mahali pake baharini, na alipajua kwa alama za nchi kavu: paa la kanisa likae sawasawa juu ya mwamba fulani, na rundo la mawe la kilimani juu ya nyumba fulani. Ukiona yote mawili kwa pamoja, tupa mshipi. Alama hizo ni siri ya ukoo, na mtu yuko radhi afe nazo kuliko kumpa jirani.

Mimi alinipa akiwa kitandani, wiki mbili kabla hajafa. Siku hizi mashine zinaonyesha samaki, nikaona hakuna ubaya kuziandika. Tangu tumzike sijatoa chozi, nina ganzi tu, lakini nilijifariji kwamba aliniamini mimi.

"Osla, mwanangu," alisema mzee Gibbie Mouat, akijifuta macho. "Paa la kanisa juu ya Mwamba Mweusi? Si ndizo alizonipa mimi mwaka niliooa! Nilivua siku tatu, nikaopoa kiatu."

"Cha mguu gani?" akauliza mtu wa nyuma.

"Cha kushoto. Cha kulia kaopoa shemeji yako, naye alipewa hizohizo!"

Kumbe ndizo alizowagawia wadaku wote. Nilisoma mpaka mwisho wa sura, sauti yangu ileile, wakanipigia makofi.

Jikoni nilimkuta mdogo wangu Robbie anaosha vikombe.

"Wewe alikupa zipi?"

Alisuuza vikombe viwili kwanza. "Za kweli, dada."

"Na mimi je? Mimi ni mdaku?"

"Alisema, 'Osla nampenda, ila Osla ana kalamu.'" Akafunga bomba. "Lakini aliniachia neno. Nikuchukue kwenye mashua, nikuonyeshe kwa macho. Mradi usiziandike. Kesho bahari imetulia. Niapie hutaandika, twende."

Nilikausha kikombe kimoja muda mrefu. Nilikuwa nimeshaanza kuipanga ile safari kichwani: mashua, mkono wa Robbie ukionyesha pwani, sentensi ya kwanza, na ya pili.

"Siendi."

"Umekasirika?"

"Hapana. Nitaandika, Robbie. Nikiziona, nitaziandika."

Hakubisha. Angalau angebisha kidogo. Baba alinijua kuliko nilivyojijua, na hilo liliniuma. Ndilo jambo la kwanza kuniuma tangu Februari.

Ukumbini, mzee Gibbie alikuwa ananingoja na kitabu chake, amekifungua ukurasa wa sitini na mbili.

"Nitilie sahihi hapahapa," alisema, "chini ya uongo wa baba yako."

Nikatia sahihi, jina kamili, Osla Inkster, binti Lowrie. Machozi yalidondokea wino, na mzee Gibbie akajifanya hakuona.