Pampu ya Wenye Pumzi

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, binti wa fundi milango alichomoka mstarini kabla bastola haijalia, akatolewa mbioni. Ni zile mita mia nne ambazo zingempeleka timu ya taifa. Mwaka mzima wa kuamka alfajiri uliishia kwenye hatua mbili.

Fundi alishuka jukwaani mbio, bisibisi mfukoni. Alimkuta binti kwenye chumba cha huduma ya kwanza, mikono inamtetemeka, nesi kamshika kiganja anahesabu mapigo.

"Umetumia nini leo?" nesi aliuliza.

"Chai na mkate."

"Mbali na chai."

Binti alimtazama babake, kisha akatazama viatu. "Kocha ametupa pampu ya pumu. Kila mtu mivuto minane. Anasema inaongeza pumzi."

"Una pumu?"

"Sina."

Fundi aliijua pumu. Mkewe aliishi nayo miaka kumi na moja, akafa mwaka jana mwezi wa tatu, ameketi kitandani ameshika nondo za dirisha. Ijumaa zahanati ilikuwa imemwambia pampu zimeisha, arudi Jumatatu. Jumatatu ilifika, yeye hakufika. Tangu hapo fundi hakumpa mkubwa yeyote salamu isiyo na ndita.

"Mama yake mmemmaliza, sasa mnamtaka na mtoto!"

"Mzee wangu, leo sijamaliza mtu, na bado ni asubuhi," nesi alisema. "Keti. Kazi yako nini?"

"Milango."

"Mlango uliokaza bawaba, ukiupaka mafuta?"

"Unafunguka."

"Na ulio wazi tayari, umegota ukutani?"

Fundi alikuna kidevu. "Hapo utachafua sakafu tu."

"Ndivyo kilivyo kifua cha mwanao. Dawa haikukuta cha kufungua, ikaenda kuusumbua moyo na mikono, akachomoka kabla ya bastola."

"Baba," binti alisema, machozi na kicheko pamoja, "yaani nimepakwa mafuta bure?"

"Na sakafu tumeichafua, mama."

Nesi hakubanduka pale mpaka mapigo yalipotulia, chai yake ikapoa mezani. Kisha akaandika yote, akatia sahihi, akaenda kwa waamuzi. Fundi alijua mwisho wake: wakubwa hulindana.

"Miaka yote tunatumia hii," kocha aliwaambia waamuzi.

"Basi miaka yote umekosea, na mbele ya mzazi nakwambia," nesi alimjibu.

Kocha akasimamishwa. Wasichana wakapewa mbio nyingine Jumamosi iliyofuata, bila pampu. Binti wa fundi alikimbia kwa pumzi aliyozaliwa nayo, akaingia timu kwa tofauti ya upana wa kifua.

Jumatatu fundi alikwenda na sanduku lake la vyombo kwenye chumba cha nesi. Mlango wake ulikuwa unakwaruza sakafu. Akaunyanyua, akaupiga randa, akabadilisha bawaba.

"Nikulipe nini, mzee?"

"Dada, mtoto wangu anapumua. Ukinitajia malipo nitaurudisha ulivyokuwa."

Nesi akacheka. Fundi naye alicheka, na sauti ikamshangaza, maana tangu msiba hakuwa ameisikia.

Jambo moja tu halikumtoka. Ile pampu binti alikuwa amempa aitupe, naye hakuitupa. Herufi si rafiki zake, lakini alizifuata moja moja kwa kidole: mali ya umma, haiuzwi. Chini yake mhuri wa kutoka ghalani: mwezi wa tatu, mwaka jana.

Akaipeleka ofisi ya dawa. Karani aliigeuza, akamwita bosi wake. Bosi akaigeuza, akaingia ndani kupiga simu, mlango ukafungwa. Fundi akakaa kwenye benchi, kofia magotini. Hata wiki hii yupo pale, na kila anayetoka, fundi anamsalimia vizuri, bila ndita, kisha anamuuliza lile lile:

"Mwezi ule mke wangu alipoambiwa zimeisha, hii ilikuwa imewekewa nani?"