Ukumbi wa Marehemu Molu

Ukumbi wa kwata wa Garsen ulijengwa na wanaume waliorudi kutoka vita vya Burma. Serikali iliwapa mabati na saruji, wao wakaleta boriti za mikoko kutoka Kipini na udongo wa mtoni, na kabla kiangazi hakijaisha nyumba ikasimama, ndefu na pana. Humo ndimo askari wa akiba, wale waliotumikia jeshi la Keya kisha wakaruhusiwa kurudi makwao, walikutana kila mwezi kupiga kwata ili miguu isisahau. Buti zilipoigonga ile sakafu, ng'ombe waliokuwa wakinywa maji mtoni waliinua vichwa. Ilipofika siku ya kuupa ukumbi jina, wazee hawakubishana. Wakasema uitwe Molu.

Molu mwana wa Huka alikuwa kijana wa Kiorma aliyekwenda Burma asirudi. Habari za kifo chake zililetwa na Sora, rafiki yake waliyeandikishwa pamoja, ambaye yeye alirudi na tepe tatu begani. Sora alisema Molu alichukuliwa na mto wakati wanavuka, na maiti haikuonekana.

Kwa kuwa mwanawe hakuwa na kaburi, mama yake, Qabale, akaufanya ukumbi kaburi. Kila asubuhi alikuja kuufagia, tangu macho yake yanaona vizuri mpaka yalipoanza kuingia ukungu. Askari walizoea kumsubiri amalize ndipo waingie.

Mke wa Molu, Gumato, alikaa eda, akalia, na eda ilipokwisha akaozwa Jatani, mdogo wake Molu, kama ilivyo desturi. Jatani alikuwa mtu wa maneno machache lakini mwenye mkono mpole kwa watoto na kwa ndama. Wakaishi vizuri, wakapata watoto wawili. Jambo moja tu lilimchosha Gumato. Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ilimbidi asimame mbele ya watu kama mjane wa shujaa, ilhali mume wake yuko nyuma kule amempakata mtoto. Na kila mwaka hadithi ya Sora ilirefuka. Mwanzo Molu alichukuliwa na mto tu. Mwaka uliofuata alichukuliwa akiwa amembeba mwenzake mgongoni. Baadaye alikuwa amekwisha kuvusha majeruhi watatu, akarudi kumfuata wa nne.

Mwaka wa 1954 siku hiyo iliangukia baada ya mvua, barabara ikiwa tope tupu. Hata hivyo Bwana DC alifika kutoka Kipini, pamoja na Sheikh Athmani aliyekuja kusoma dua. Askari walisimama mistari miwili, wanawake upande wa ukuta, na Qabale akakalishwa kwenye kiti mbele.

Wakati huohuo lori liendalo Lamu lilikuwa limefika kivukoni. Abiria mmoja akateremka, mtu mrefu mwenye kanzu na koti la Mombasa. Gunga, mvuta kivuko, ndiye aliyesimulia baadaye waliyoongea.

"Watu wote wamekwenda wapi?" mgeni aliuliza.

"Wako kwa Molu."

"Molu yupi?"

"Wewe si wa huku, eh? Marehemu Molu wa Huka, aliyekufa Burma. Ukumbi ule pale ni wake."

Gunga alisema mgeni alishika kamba ya kivuko kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuanguka majini ilhali amesimama nchi kavu. Kisha akaiacha, akaanza kutembea kuelekea ukumbini.

Ndani, Sora alikuwa amefika kwa majeruhi wa pili. "Maji yalikuwa yamemfika hapa," alisema, akionyesha kifua kwa fimbo yake ya sajini. "Nikamwambia, ndugu yangu, rudi! Akanijibu…"

Macho yake yalikuwa mlangoni. Fimbo ikamponyoka, ikagonga saruji, na sauti yake ikajaa chini ya mabati.

Watu wakageuka. Gumato naye akageuka. Alimtambua hata kabla ya kuuona uso vizuri, kwa ile namna ya kusimama bega moja limeshuka. Alingoja moyo wake ufanye kitu, upasuke au usimame, haukufanya. Alichofikiria ni maziwa aliyoyaacha motoni, kwamba sasa yatakuwa yamefurika na nyumba yote inanuka. Kisha akauegemea ukuta.

Jatani akamkabidhi jirani mtoto. "Molu?" aliita, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

Lakini Sora ndiye aliyetangulia kujibu. Hakupaza sauti, ila ndani ya ukumbi ule hata mnong'ono ulisikika.

"Uliapa hutarudi."

Bwana DC alimwinamia mkalimani wake kuuliza kumetokea nini.

"Aliapa nini?" Jatani alisema. "Sora! Aliapa nini, na kwa nani?"

Aliyejibu ni Molu. Alisema hakuna mto uliomchukua. Walirudi wote wawili kwa meli moja, wakashuka Kilindini pamoja. Akapata kazi bandarini, akapata na mwanamke, Mwanasha, na hakutaka tena jua la malisho wala ng'ombe. Akamwambia Sora aende akaseme amekufa, naye akamwapia kwamba hatarudi.

"Kwa nini kufa?" Jatani aliuliza. "Ungesema umekataa kurudi. Watu hukataa."

"Nilifikiri maiti husamehewa upesi kuliko mtoro."

"Mimi nilisema amekufa, basi," Sora alidakia, machozi yakimtiririka hadharani. "Neno moja. Mkaja na ukumbi, mkaja na jina, kila mwaka mkaniambia simulia, simulia. Ningesema nini?"

Molu hakumtazama. Alikuwa akimwendea mama yake. Wafanyabiashara wa ng'ombe, bila kumjua ni nani, walikuwa wamemwambia huko Mombasa kwamba macho ya Qabale yanakwisha, naye akataka amwone kabla hayajazimika. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama. Ni mimi."

Qabale alimtazama muda wa kutosha. Watu walioketi karibu waliona kwamba amemwona. Kisha akafumba macho, akayakaza.

"Mwanangu amekufa," alisema. "Hapa ulipopiga magoti ni kwake. Vua viatu."

Molu akavua viatu. Alikaa pale sakafuni na soksi zake za mjini, akilia bila sauti, na watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kama watu waliojikuta wameingia nyumba isiyo yao. Gwaride halikumalizika. Dua nayo haikusomwa.

Kesho yake Sheikh Athmani aliwaita Molu, Gumato na Jatani pamoja, akawaeleza kwamba jambo ni zito: Molu yu hai na hajatoa talaka, basi ndoa ya Jatani haina pa kusimama. Akaanza kumweleza Molu haki zake. Gumato akamkatiza.

"Sheikh, kwa heshima yako. Kuna mtu ataniuliza mimi?"

"Nakuuliza, binti yangu."

Akamgeukia Molu. Jana hakuweza kumtazama, leo aliweza. "Nilikulia mpaka sauti ikakauka. Mama yako alininyoa nywele kwa mikono yake. Ulipokuwa unakula samaki Mombasa, mimi nilikuwa nimekaa ndani nakungoja uoze. Nipe talaka yangu."

"Gumato, nilitaka kwanza nikuombe…"

"Talaka kwanza. Msamaha utakuja ukipenda wenyewe."

Molu alitamka talaka palepale. Sheikh akasema Gumato akae eda, na ikiisha, yeye na Jatani wafunge ndoa upya. Gumato akacheka, kicheko kilichowashtua wote, hata yeye mwenyewe. "Eda mbili kwa mtu mmoja," alisema. "Ya kufa na ya kuachwa. Nani amewahi kusikia?"

Sora aliiweka sare yake mlangoni pa ukumbi, akahamisha ng'ombe wake kwenda juu, upande wa Hola. Askari wa akiba walipata sajini mwingine, lakini wengi wakaacha kuja, na miaka miwili baadaye ukumbi ukawa ghala la mahindi. Molu hakurudi Mombasa upesi. Alijenga kibanda karibu na mama yake, akamchotea maji na kumkatia kuni, naye Qabale hakumsemesha. Ilikuwa mvua zinarudi tena, alipokwisha kupofuka kabisa, ndipo jioni moja alipomwita, akampapasa uso kutoka sikio mpaka kidevu kama apapasaye ndama aliyezaliwa gizani. "Umezeeka," alimwambia. "Kaa ule." Molu alikaa naye hadi alipomzika.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Katika miezi ile ya eda Jatani alilala kwa mjomba wake, wala hakuingia uani. Kila asubuhi, akipeleka ng'ombe malishoni, alisimama nje ya ua na kubisha kama mgeni.

"Wenyewe mpo?"

"Tupo," Gumato alijibu kutoka ndani.

"Watoto wameamkaje?"

"Salama. Yule ng'ombe mweupe amezaa?"

"Amezaa jike."

"Basi utaniletea maziwa."

"Nitaleta," Jatani alisema, akaendelea kusimama pale kidogo ingawa ng'ombe walikwisha kumwacha nyuma.