Pete Chini ya Bomba

Mchana ule miguu yangu ilikuwa imekwisha. Tangu asubuhi tulikuwa tukipiga pasi mashuka ya hoteli, na joto la chumba kile cha dobi lilikuwa limetukausha hata maneno. Mara nikasikia yowe. Alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Mpira wa mvuke wa pasi yake ulikuwa umepasuka, ukamwunguza mkono wa kushoto kuanzia vidoleni hadi kifundoni.

Sisi wawili hatukuwa tukisemezana tangu mazishi, ila salamu tu, tena za shingo upande.

Nilizima mashine kwanza, ndipo nikamshika. Mkunja mashuka akaja mbio na dawa ya meno.

"Mpake hii, mama, inapoza."

"Kwani huo mkono una meno? Irudishe ulikoitoa. Mwite msimamizi alete gari."

Nikamvuta wifi hadi bombani, nikafungulia maji ya baridi. Baada ya muda mfupi akataka kuuchomoa mkono.

"Basi, wifi, inatosha!"

"Haijatosha. Moto bado uko ndani ya nyama. Tulia."

Tukasimama hapo. Mgongo ulikuwa ukiniuma, yeye akilia chini chini, nami moyoni nikimwomba Mungu anipe nguvu ya kusimama tu, sikuomba zaidi. Ndipo nikaiona pete kwenye kidole cha mkono ule ulioungua. Ilikuwa ya mume wangu. Siku ya mazishi wifi aliichukua, akasema ni mali ya ukoo wao, na mimi sikuwa na nguvu za kubishana. Sasa vidole vilianza kuvimba.

"Pete itoke sasa hivi."

Akakunja ngumi, pamoja na maumivu yote yale.

"Ulikuwa unaingoja siku hii, eh? Unikute sijiwezi."

"Kidole kikivimba, pete itakibana, damu isipite. Utakatwa kidole."

"Wakikate!"

"Kaka yako angekusikia angekuuliza kama ulichoungua ni mkono au ni akili."

Akacheka katikati ya kilio, kicheko kibaya kweli. Ngumi ikalegea. Pete ilikwama kwenye kiungo. Nikaizungusha polepole, maji yakiipitia, mpaka ikatoka. Ngozi haikuchubuka. Nikaurudisha mkono kwenye maji, pete nimeifumbata. Wifi hakuutazama mkono wake tena. Alikuwa akitazama wangu.

Tulikaa vile hadi msimamizi alipoingia kusema gari liko nje. Nikachukua plastiki mpya ya kufungia mashuka, nikaufunika mkono bila kukaza. Kisha nikamshika ule mkono mzima, nikamvisha pete kwenye kidole gumba.

Akashangaa. "Unanirudishia?"

"Nimechoka, wifi. Ishike mwenyewe, twende."

Garini aliniegemea begani. Sikusogea, hata nguvu za kusogea sikuwa nazo.